Ruaha, gololi na kichwa cha utafiti cha mpwa wangu

Ukitaka ugomvi usioisha pale Rujewa, huhitaji siasa wala mpira. Uliza tu nani alikausha Ruaha. Mkulima wa mpunga atakuonyesha wafugaji. Mfugaji atakuonyesha mabanio, vile vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mashambani. Mtu wa hifadhi atawaonyesha wote wawili. Dereva wa lori anayesubiri mzigo wa mchele atasema ni mabwawa ya umeme, ingawa mabwawa yako chini na mto unakaukia juu. Na siku hizi ameingia mtuhumiwa mpya asiye na shamba, asiye na ng'ombe, asiyepiga kura, na ambaye hakuna atakayesimama kumtetea: mabadiliko ya tabianchi.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu, aliye mwaka wa mwisho wa chuo hapa Mbeya, alinitumia kichwa cha utafiti wake: "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi katika Kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu." Chini yake akaandika, "Shikamoo mjomba, naomba maoni yako, msimamizi ameshaupenda." Nikamjibu kwamba kichwa ni kizuri, ila kimeshatoa hukumu kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. Hakufurahi. Simu tuliyopigiana jioni ile ilimaliza salio lake, ikamaliza na langu. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo salio halikuruhusu.

Mimi si msomi wa maji. Nilizaliwa Igurusi, nikakulia kwenye majaruba, na ujanani niliwahi kuchukuliwa mara kwa mara kama mdadisi na watafiti waliokuja Usangu na madodoso yao. Kazi ile inakufundisha haraka kwamba mtu akikuona na karatasi mkononi atajibu kile anachodhani mfadhili anataka kusikia. Ukimuuliza kama mvua imepungua, imepungua. Ukimuuliza kama imezidi, nayo imezidi. Inakufundisha pia kwamba ripoti huondoka na gari lililoleta watafiti. Ndiyo maana mambo ambayo vyuo vimeyajua juu ya mto huu kwa zaidi ya miaka ishirini bado yanabishaniwa vijiweni kana kwamba hakuna aliyewahi kupima.

Walipima, na sana. Tuanze na mto wenyewe.

Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere. Kuna Mkoji, Chimala, Kimani na Mbarali, na kutoka upande wa Mufindi inakuja Ndembera. Yote hushuka kwenye tambarare ya Usangu na kuingia Ihefu, kile kinamasi cha matete kilicho mashariki. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, na mlangoni pale kuna kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika palepale, hata kama nyuma yake bado kuna maji ya kumfunika kiboko. Mengi yanayowachanganya watu kuhusu mto huu yanakaa sawa ukishaujua mwamba ule.

Mto ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo kukatika kumekuwa desturi. Wanyama hubanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, viboko wakiwa wamelaliana kwenye tope, na tembo huchimba mchanga kutafuta maji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba serikali itaunga mkono juhudi za kuufanya mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika ukapita.

Sasa, hesabu. Damian Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzake walichukua rekodi za vituo vya kupimia maji kuanzia 1958 hadi 2004, wakazilinganisha na picha za setilaiti. Waliona kwamba maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi, Julai hadi Novemba, yamepungua kwa asilimia 70 hivi, na eneo la kinamasi wakati wa kiangazi limesinyaa kwa asilimia 40 hivi. Chanzo walichokitaja ni uchotaji wa watu huko juu, hasa umwagiliaji. Mvua haikuwa imepungua kwa kiasi cha kueleza pengo kubwa namna hiyo.

Kuna hesabu yao nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaumiza. Ili pale Ng'iriama itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde wakati wa kiangazi, kiasi kidogo tu cha kuufanya mto usife hifadhini, lazima juu iingie wastani wa mita 7 kwa sekunde. Hizo sita na nusu hazijaibwa na mtu. Ihefu yenyewe inazinywa: jua linakausha, matete yanapumua, mashimo yanajaa kwanza. Na hizo mita 7 ni kama mara mbili ya zilizokuwa zikiingia miaka ile. Kwa hiyo kiongozi akisimama kusema wakulima waachie "maji kidogo tu" mto ufufuke, huyo hajaambiwa habari ya kizingiti. Kidogo hakifiki. Kinaishia kwenye matete.

Mpwa wangu akanikatiza: "Lakini mjomba, na ng'ombe je?"

Ng'ombe nao tuwahesabu. Tuseme Usangu nzima ina ng'ombe laki tatu, na kila mmoja anywe lita 40 kwa siku, ambazo ni nyingi kwa ng'ombe wetu wa kienyeji. Hiyo ni lita milioni 12 kwa siku, ndoo nyingi kwelikweli, lakini ukizigawa kwa sekunde za siku nzima unapata lita 140 kwa sekunde. Banio moja la maana linapitisha zaidi ya hapo. Ng'ombe wana makosa mengine, hilo silikatai: kwato zinafinyanga kingo za mito, malisho yanaisha, moto unawashwa ili nyasi zichipue. Ila kuunywa mto ukaisha, hapana. Hata hivyo kati ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakasafirishwa hadi Lindi na Pwani, wengine wakipoteza ng'ombe njiani. Mwaka 2008 eneo lile likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, ikawa wakati huo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mto uliendelea kukatika. Mimi ni mtoto wa mkulima na sina ng'ombe hata mmoja, lakini haki ni haki: watu wale walibebeshwa mzigo ambao hesabu haikuwapa.

Vivyo hivyo na umeme. Mgao wa miaka ya 1990 ulipotubana, lawama zilipandishwa hadi Usangu, kwamba wakulima wa mpunga wameizima nchi. Ni kweli kwamba zaidi kidogo ya nusu ya maji yanayoingia Mtera hutoka upande wetu, mengine yakitoka Ruaha Mdogo wa Iringa na Kisigo. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Vile vijito vya Oktoba, hata vingefika vyote, visingezungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204. Watafiti waliokaa na takwimu za mabwawa yale waliona tatizo kubwa lilikuwa katika namna yalivyoendeshwa, ni lini maji yanafunguliwa na kwa kiasi gani. Jambo hilo halikupata kichwa cha habari kikubwa kama lile la wakulima.

Kwa hiyo tumebaki na mabanio, na hapa ndipo panapohitaji kukaa kidogo.

Banio la zamani, la baba zetu, lilikuwa la miti, mawe na majani. Lilikuwa linavuja. Kila masika mafuriko yalilibeba na watu walikusanyika kulijenga upya, wakilalamika. Kuvuja kule kulikuwa ndiko riziki ya watu wa chini. Halafu ikaja miradi, kwa nia njema kabisa, ikajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma, na kila mmoja akapigiwa makofi siku ya uzinduzi. Banio la zege halivuji. Maji yakipungua, wa juu anaweza kuuchukua mto wote, hadi tone la mwisho, bila kutoa jasho. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia huko Uingereza, aliyefanya kazi Usangu kwa miaka mingi na wenzake wa Sokoine, aliandika mara nyingi kwamba maboresho haya yalihamisha maji kutoka kwa watu wa chini na kuyapeleka kwa watu wa juu, ingawa kwenye makaratasi yaliitwa ufanisi.

Vibali vya kutumia maji navyo vikaongeza chumvi. Mwenye kibali ameandikiwa lita kadhaa kwa sekunde na analipa ada. Mto wa Februari unazo lita hizo, wa Oktoba hauna, ila karatasi haijui mwezi. Ukimwambia afunge, anakuonyesha risiti.

Kikundi hichohicho cha Lankford, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilikuja na kitu ambacho mpaka leo nakiona ndicho utafiti wa maana kuliko madodoso yote niliyowahi kubeba. Ni ubao tu. Ubao wa mbao ulioinamishwa, katikati una mfereji ambao ndio mto, pembeni vishimo ambavyo ndivyo mashamba. Juu unamwaga gololi, zinaserereka kushuka. Kila mchezaji ana vijiti vyake vya kuzichepusha zije shambani kwake. Raundi ya kwanza kila mtu anavuta kwake. Wa juu wanajaza vishimo mpaka gololi zinamwagika, wa chini wanatazama ubao mtupu. Wazee wenye mvi wanacheka kama watoto, kisha kicheko kinapoa, kwa sababu yule aliyekaa chini kwenye ubao mara nyingi ana shamba juu kwenye mto halisi, na kwa mara ya kwanza anaona gololi zikiishia kwa mwenzake. Baada ya hapo mazungumzo hubadilika. Wanaanza kutajana mifereji kwa majina, zamu za usiku, nani anafungua lango saa nane watu wakiwa wamelala.

Hakuna aliyewaambia wajibu nini. Dodoso haliwezi hilo.

Katika mazungumzo ya namna hiyo ndipo linapojitokeza jambo ambalo mtu wa mjini halifikirii: kwa nini mifereji iachwe wazi Septemba wakati mpunga umeshavunwa? Kwa sababu vijiji vingi vinakunywa mfereji. Wanawake wanachota hapo, nguo zinafuliwa hapo, matofali yanafyatuliwa hapo, bustani za nyanya na vitunguu zinamwagiliwa hapo. Ili ndoo ishirini zifike kijiji cha mwisho, maji ya mamia ya ndoo lazima yatembee kwenye udongo mkavu, yapotee ardhini na juani njia nzima. Ukichimba visima virefu vijijini, unaweza kufunga mfereji kiangazi bila kumwacha mama yeyote na ndoo tupu. Pendekezo hilo nalo ni la zamani. Ni la bei nafuu kuliko kuhamisha watu, ila visima havina sherehe kama operesheni.

Halafu kuna bei. Mchele wa mapema unalipa. Mwenye uwezo anataka kuandaa kitalu Novemba, achavange, yaani aloweshe na kuvuruga tope, jaruba lingali limepasuka kwa ukame, awe wa kwanza sokoni. Kulowesha udongo uliopasuka kunameza maji vibaya sana, tena wakati uleule ambao Ihefu iko hoi. Ningekuwa na mtaji ningefanya hivyohivyo. Sioni uovu hapo, naona soko.

Mpwa wangu alikuwa kimya kwa muda, kisha akacheza karata yake ya mwisho: misitu. "Wamekata miti milimani, mjomba. Miti ndiyo inaleta maji."

Nikamwambia atoke nje ya hosteli atazame juu, Safu ya Mbeya iko palepale. Kwenye mabonde ya safu ile, kuanzia 1958 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lilipima vijito viwili vidogo. Kimoja bonde lake lilikuwa msitu wa asili usiopukutisha majani. Cha pili bonde lake lilikuwa limelimwa na wakulima wadogo, kwenye mteremko mkali. Walipima mvua, walipima maji yanayotoka, mwaka baada ya mwaka. Kiangazi, kijito cha bonde lililolimwa kilitoa maji karibu mara mbili ya kile cha msitu. Matokeo hayo yalichapishwa na K. A. Edwards mwaka 1979, na wanataaluma wa maji duniani wanayanukuu mpaka leo. Hapa Mbeya sijawahi kuyasikia kwenye hotuba hata moja ya siku ya upandaji miti.

Sababu yake si uchawi. Mti wa kijani kibichi una mizizi mirefu na unakunywa mwaka mzima, na majani yake hudaka mvua ikakauka kabla ya kugusa ardhi. Mahindi yakishavunwa hayanywi tena. Juu ya hayo, udongo wa pale ni majivu ya volkano, wenye kina kirefu na mwepesi kupitisha maji, hivyo hata shamba la mteremkoni halikumomonyoka ovyo. Peleka shamba lilelile kwenye udongo mgumu uliokanyagwa na mifugo, na hesabu inageuka: mvua inateleza juu, kijito kinafurika Machi na kufa Julai.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa maana najua kuna mtu atachukua panga. Msitu una kazi nyingi kuliko kutoa maji ya kiangazi. Kule Rungwe na Kitulo una viumbe ambao hawapatikani penginepo. Nyani yule anayeitwa kipunji alijulikana kwa sayansi miaka ya 2000 tu, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina. Na mizizi hushika milima. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka hapa jijini, tope likashuka hadi Itezi likafukia nyumba na shule. Ninachosema ni kwamba "panda miti upate maji" ni sentensi inayohitaji kuulizwa: mti gani, udongo gani, mwezi gani? Kijiji kinachopanda milingoti kuzunguka chemchemi kwa jina la kuokoa chanzo kinaleta mnywaji mpya mezani. Na sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli ndani ya mita 60 za mto humkuta kwanza mwenye kinyungu, kibustani cha bondeni, cha kabichi kule Njombe, kabla ya kumkuta mwenye banio.

"Kwa hiyo tabianchi ni uongo?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu anayeona diploma ya juu ikiyeyuka.

Hapana. Joto linapanda, na hilo halina ubishi. Joto likipanda, Ihefu inapoteza maji mengi zaidi hewani, na zile mita 7 kwa sekunde hazitatosha tena, zitatakiwa nane, tisa. Kuhusu mvua ndipo penye utata. Kati ya 2015 na 2019 mradi wa utafiti ulioitwa UMFULA, uliohusisha pia watafiti wa Sokoine na Dar es Salaam, ulitazama bonde la Rufiji. Modeli za hali ya hewa hazikukubaliana: nyingine zinaona mvua ikiongezeka, nyingine ikipungua. Zinapokaribiana ni kwenye tabia ya mvua, kwamba siku za mvua zitakuwa chache na zitakuja kwa nguvu. Maana yake Usangu inaweza kupata mafuriko na ukame ndani ya mwaka mmoja, na jumla ya mvua ikabaki ileile kwenye jedwali.

Kinachonikera ni matumizi yake. Tabianchi imekuwa mtuhumiwa anayefaa kila mtu. Ofisi haitakiwi kufunga lango, skimu ya umwagiliaji haitakiwi kugawana zamu, mfadhili anapata neno lake kwenye andiko la mradi, na mwanafunzi anapata kichwa kinachopitishwa haraka. Mto huu ulikatika 1993 kwa sababu zinazoweza kushikwa kwa mkono. Joto linakuja juu ya hizo sababu, halikuja kuzifuta. Na atakayeumia kwanza na mvua za vipindi ni yuleyule wa mwisho wa mfereji.

Siku chache baadaye alinitumia kichwa kipya. Kirefu, kibovu kidogo kimaneno, lakini kinauliza: maji ya kiangazi yanapotelea wapi kati ya banio na jaruba la mwisho katika mfereji mmoja wa Mbarali. Msimamizi aliguna, kisha akakubali kwa sharti kwamba neno tabianchi lionekane angalau kwenye utangulizi. Ni haki yake. Mpwa ataomba rekodi za vituo kwenye ofisi ya maji ya bonde la Rufiji, ambayo iko Iringa, na mwenyewe atasoma kina cha maji kwenye mfereji asubuhi, jioni na usiku wa manane, kwa sababu rekodi za mchana hazina habari za mlango unaofunguliwa saa nane.

Ataanza Septemba. Nimemwambia abebe tochi na buti za mpira, na kabla hajachomeka kijiti chochote cha kupimia afike kwanza kwa mwenyekiti wa skimu, kisha kwa mgawa maji, awasalimu vizuri na awaachie namba yake ya simu. Kijana mgeni anayeinama mferejini usiku na tochi, kule kwetu, hawatamuuliza anasoma chuo gani.